Gesi ya taka kwenye magari: inawezekana wapi, na kwa gharama ipi?

Foleni za bajaji na teksi kwenye vituo vya kujazia gesi jijini Dar es Salaam zimezaa swali ambalo sasa linaulizwa vijiweni, bungeni na mitandaoni. Ikiwa gari linaweza kwenda kwa gesi, na ikiwa taka zinazooza hutoa gesi, kwa nini jiji linaendelea kurundika taka dampo huku likiagiza dizeli kutoka ng'ambo?

Swali ni la haki, ila majibu yanayotolewa yanachanganya mambo mengi kwa mara moja. Wapo wanaodhani kwamba gesi asilia ya Songo Songo na gesi ya taka ni kitu kimoja, kwa kuwa zote huitwa nishati safi. Wapo wanaoamini kwamba kupata gesi ya taka ni kuzichoma taka. Wengine huahidi kwamba dampo moja litaendesha magari ya jiji zima, na wengine hulitupilia mbali wazo lote kwa hoja kwamba zama za magari ya umeme zimeshafika. Uchambuzi huu unaeleza gesi hiyo ni ipi, unapima hoja za kila upande, na mwisho unatoa uamuzi kuhusu mahali inapofaa na mahali isipofaa.

Gesi zinazochanganywa

Gesi ya mitungi ya jikoni, LPG, ni mchanganyiko wa propani na butani. Mgandamizo mdogo tu huigeuza kuwa kimiminika, ndiyo maana mtungi wake ni mwepesi na unabebeka kwenye pikipiki.

Gesi asilia ni kitu kingine. Ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay kule Mtwara, karibu yote ni methani. Methani haigeuki kimiminika kwa urahisi. Ili gari libebe ya kutosha safari, gesi hushindiliwa hadi kufikia bar 200 au zaidi ndani ya mtungi mnene uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Hii ndiyo CNG. Mtungi wa jikoni haukuundwa kuhimili nguvu hiyo, na anayejaribu kuugeuza kuwa wa gari anahatarisha maisha yake na ya wengine.

Bayogesi hupatikana pale bakteria wanapokula mabaki ya chakula, samadi au majitaka mahali pasipo hewa. Methani ndani yake huwa kati ya asilimia 50 na 65. Sehemu kubwa iliyobaki ni kabonidayoksaidi, pamoja na mvuke wa maji na haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza ambayo hula chuma. Katika hali hiyo bayogesi inafaa jikoni, lakini haifai kwenye gari. Lazima isafishwe. Njia moja iliyozoeleka ni kuipandisha ndani ya mnara unaomwagiwa maji kwa mgandamizo: kabonidayoksaidi huyeyuka na kushuka na maji, methani hutokea juu. Ikifika zaidi ya asilimia 95 huitwa bayomethani, na injini ya bajaji haiwezi kuitofautisha na gesi ya Songo Songo.

Tofauti iko kwenye asili yake. Kaboni ya gesi asilia ilikaa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, na tukiichoma tunaongeza mzigo mpya angani. Kaboni ya ganda la ndizi ilitoka hewani msimu uliopita, na ingerudi hewani hata kama tusingeligusa.

Uchomaji wa taka nao ni teknolojia tofauti kabisa. Mtambo wa Reppie uliozinduliwa Addis Ababa mwaka 2018 huchoma taka ili kupata umeme. Kwa miji yetu, ambayo taka zake nyingi ni mabaki ya chakula yaliyojaa maji, uchomaji una kikwazo cha kimaumbile, kwani joto jingi huishia kukausha taka zenyewe. Unyevu huohuo unaoukwamisha moto ndio unaowafaa bakteria.

Kwa nini suala limefika mezani sasa

Mambo matatu yamekutana. La kwanza ni kuelemewa kwa madampo. Historia ya Dar es Salaam ni ya kuhamisha tatizo kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Wakazi wa Tabata walilipeleka jiji mahakamani mwaka 1988 kupinga dampo lililokuwa likiwafukizia moshi, na baada ya Tabata taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Dampo la Dandora jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1975, lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001, lakini malori hayajaacha kumwaga. Mwezi Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka na kuua watu zaidi ya 100. Agosti 2024 yakatokea hayohayo Kiteezi, Kampala, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Kupunguza taka zinazofika dampo ni suala la uhai.

La pili ni tabianchi. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha joto dunia takribani mara 27 kuliko kilo moja ya kabonidayoksaidi, na kwa kipindi cha miaka 20 hupasha takribani mara 80. Hukaa angani kwa miaka 12 hivi tu, kwa hiyo anayeizuia leo huona matunda mapema. Taka zinazooza chini ya rundo lisilopitisha hewa huitoa kila siku.

La tatu ni soko. Zamani aliyetaka kutengeneza gesi ya magari Afrika Mashariki asingepata gari la kuitumia. Leo Dar es Salaam ina bajaji, teksi na magari binafsi yaliyofungwa mfumo wa gesi, ina karakana zinazofunga mfumo huo, na mabasi ya gesi yameanza kuingia katika mwendokasi. Malori ya saruji yanayotoka Mtwara yamekuwa yakitumia gesi kwa miaka kadhaa. Sababu ya kasi hiyo ni bei. Mwaka 2023 kilo ya CNG iliuzwa takribani shilingi 1,550, wakati lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000.

Hoja ya kwanza: taka ziende barabarani

Wanaotaka gesi ya taka itumike kwenye magari hawazungumzii ndoto. Mji wa Linköping nchini Uswidi ulianza miaka ya 1990 kwa kuchakata mabaki ya machinjio, na kufikia mwaka 2002 mabasi yake yote ya mjini yalikuwa yakitumia bayogesi. Lille, Ufaransa, imekuwa ikiendesha mabasi kwa gesi ya mabaki ya jikoni na bustani tangu miaka ya 2000. Huko California, dampo la Altamont lilianza mwaka 2009 kugeuza gesi yake kuwa mafuta ya malori yaleyale yanayobeba taka.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Indore, India, kwa sababu taka zake zinafanana na zetu: maganda, mboga zilizooza, wali uliolala. Mtambo uliozinduliwa huko Februari 2022 ulijengwa kupokea tani 550 za taka mbichi kwa siku na kutoa takribani tani 17 za gesi ya magari pamoja na tani 100 za mbolea. Sehemu ya gesi hiyo ilitengwa kwa mabasi ya jiji.

Nguvu ya hoja hii ni tatu. Kwanza, magari na vituo vipo, na gesi ya taka inaweza kuchanganywa na ya Songo Songo kwa kiwango chochote bila kubadili injini. Pili, inachukua nafasi ya dizeli, mafuta ya gharama kubwa yanayolipiwa kwa fedha za kigeni, ambayo moshi wake huwaumiza zaidi watembea kwa miguu na wauzaji wa kando ya barabara. Tatu, jiji linapata mapato kutokana na kitu ambacho sasa linalipa kukitupa.

Udhaifu wake nao si mdogo. Wakala wa Kimataifa wa Nishati ulikadiria mwaka 2020 kwamba bayomethani huzalishwa kwa wastani wa dola 19 kwa kila uniti milioni moja za joto za Kiingereza. Hiyo ni karibu dola 1 kwa kilo, kabla ya kuishindilia na kuisafirisha. Ukilinganisha na CNG iliyouzwa rejareja kwa shilingi 1,550 mwaka 2023, ni dhahiri kwamba gesi ya taka haiwezi kushindana kwa bei pekee. Lazima mtu alipie faida nyingine inayoleta: taka zilizoondolewa, mbolea iliyopatikana, hewa iliyookolewa.

Na anayelipia anaweza kubadili mawazo. Soko la Uswidi lilijengwa juu ya msamaha wa kodi. Desemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kibali cha msamaha huo, na mwaka uliofuata watumiaji wakatozwa tena. Mradi unaotegemea ruzuku moja husimama au kuanguka pamoja nayo.

Hoja ya pili: tuvune gesi iliyomo dampo

Kundi la pili linasema hakuna haja ya mitambo mipya. Gesi tayari inatoka Pugu na Dandora. Tuchimbe visima, tuivute, tuisafishe. Hoja hii inavutia kwa sababu inaonekana rahisi, na kwa dampo lililojengwa kitaalamu ni hoja nzuri. Altamont ni la aina hiyo: sakafu yake imezibwa, taka zimepangwa kwa tabaka na kufunikwa, mabomba yamelazwa kwa mpangilio.

Dampo la wazi ni tofauti. Hewa hupenya kila upande, hivyo sehemu ya taka huoza bila kutoa methani nyingi, na pampu ikivuta kwa nguvu huleta nitrojeni na oksijeni ambazo ni ghali kuzitenganisha na methani. Moto wa mara kwa mara hula sehemu ya malighafi. Majimaji ya taka hujaa kwenye visima. Juu ya hayo, dampo hukusanya kila kitu, na siloksani zitokanazo na vipodozi na sabuni huacha mchanga mgumu ndani ya injini zisipoondolewa.

Tanzania ina fundisho lake. Dampo la Mtoni lilipoacha kupokea taka, mradi wa kukusanya gesi yake ulisajiliwa mwaka 2007 chini ya utaratibu wa CDM wa Itifaki ya Kyoto, ambapo nchi tajiri zilinunua hati za upunguzaji wa gesijoto. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 bei ya hati hizo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya yuro moja kwa tani, na miradi mingi duniani iliyokuwa na chanzo hicho kimoja cha mapato ikapoteza sababu ya kuendelea.

Kufunika madampo ya zamani na kuteketeza gesi yake kwa usalama ni kazi inayopaswa kufanywa kwa ajili ya afya na usalama wa majirani. Kuyafanya chanzo kikuu cha mafuta ya magari ni kutarajia mengi mno kutoka mahali ambapo ubora wa gesi ni duni na kiasi chake kinapungua kila mwaka baada ya dampo kufungwa.

Hoja ya tatu: gesi ibaki jikoni au izalishe umeme

Wapo wanaouliza kwa nini methani adimu iende kwenye magari wakati mamilioni ya kaya zinapikia kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Bayogesi ya jikoni haihitaji kusafishwa hadi asilimia 95 wala kushindiliwa. Inatoka kwenye mtambo, inapita kwenye bomba fupi, inawaka. Mitambo ya kaya iliyoenezwa na kituo cha teknolojia za vijijini cha CAMARTEC, Arusha, na wadau wake imeonesha kwamba familia yenye ng'ombe wachache wanaofugwa ndani inaweza kupika kwa samadi yao. Rwanda ilifanya hivyohivyo kwenye magereza, kwa kutumia majitaka ya wafungwa.

Hoja hii ina uzito mkubwa vijijini. Ukikusanya samadi ya kaya hamsini ili utengeneze gesi ya gari, utatumia mafuta mengi kuisafirisha, na utawanyang'anya wenye ng'ombe jiko na mbolea yao. Samadi ya kijijini ibaki kijijini. Lakini hoja hupungua nguvu inapoingia jijini. Mtambo mkubwa ulio kando ya soko hauna kaya zilizounganishwa nao kwa bomba, na mtandao wa mabomba ya gesi majumbani bado umefika mitaa michache tu.

Kuhusu umeme, mifano ipo karibu. Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yamezalisha bayogesi ya kuendeshea jenereta ya kilowati 150. Kilifi, Kenya, mkonge na samadi vimefanya kazi ya aina hiyo, na Naivasha mabaki ya shamba la mboga yanazalisha zaidi ya megawati 2. Mahali ambapo kiwanda chenyewe ndicho kinachozalisha taka na ndicho kinachohitaji umeme, mpango huu haushindwi kirahisi. Hakuna usafiri, hakuna usafishaji wa gharama, na joto la injini hurudi kupasha mtambo.

Lakini swali la msingi ni hili: nishati hiyo inachukua nafasi ya nini? Gridi ya Tanzania sasa inategemea sana maji, hasa baada ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 kuanza uzalishaji mwaka 2024. Uniti ya umeme wa taka ikiingia kwenye gridi hiyo inaondoa umeme wa maji au wa gesi. Kilo ya gesi ya taka ikiingia kwenye basi inaondoa dizeli. Kwa hesabu ya moshi na ya fedha za kigeni, kuondoa dizeli kuna faida kubwa zaidi.

Hoja ya nne: tuyaendee magari ya umeme moja kwa moja

Wapinzani wakali zaidi wa gesi ya taka si watetezi wa dizeli, bali watetezi wa umeme. Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Pikipiki za umeme zinafanya biashara Kigali na Nairobi. Treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Injini ya gesi hugeuza chini ya nusu ya nishati iliyopewa, na mara nyingi theluthi moja tu, kuwa mwendo. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80. Kwa nini, wanauliza, tujenge vituo vya teknolojia inayopitwa?

Kwa bodaboda, bajaji na magari madogo wako sahihi. Chombo kinachotembea mjini na kulala nyumbani kinafaa betri, na bei ya betri inazidi kushuka. Udhaifu wa hoja yao uko pande mbili. Basi kubwa au lori la taka linalofanya kazi tangu alfajiri hadi usiku linahitaji betri ghali na chaja yenye nguvu kubwa ya umeme, wakati kujaza gesi ni suala la dakika chache. Upande wa pili ni kwamba gari la umeme haliondoi ganda hata moja la ndizi sokoni. Tatizo la taka hubaki palepale.

Pembeni yao wapo wanaosema kwamba nchi yenye akiba ya gesi asilia inayotajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57.54 haina haja ya kuhangaika na maganda. Hao wanajibu swali la mafuta bila kugusa la taka. Zaidi ya hapo, kuna hatari ya kinyume: gesi ya taka kidogo ikatumika kama pambo la kuhalalisha upanuzi mkubwa wa gesi ya ardhini. Mwekezaji akiahidi kuwa kituo chake kitauza gesi ya taka, mkataba useme ni kiasi gani, lini, na nani atapima.

Suala ambalo pande zote hulipita haraka: uvujaji

Gesi ya taka ina faida kwa tabianchi ikiwa tu haivuji. Tufanye hesabu. Kilo moja ya bayomethani ikichukua nafasi ya dizeli kwenye basi huokoa takribani kilo 3 za kabonidayoksaidi. Tuseme asilimia 5 ya methani inavuja njiani, kwenye mtambo, kwenye kompresa, kwenye bwawa la tope. Kwa kipimo cha miaka 100, uvujaji huo ni sawa na karibu kilo 1.4, yaani unakula karibu nusu ya faida. Kwa kipimo cha miaka 20 ni sawa na kilo 4, na faida yote imegeuka hasara.

Hesabu hii inahusu gesi tuliyoizalisha wenyewe mtamboni. Ikiwa taka hizo zingekwenda dampo na kutoa methani bila kuguswa, kuzipeleka mtamboni bado ni nafuu. Lakini tukilinganisha na kuzigeuza mboji juu ya ardhi, ambako hewa hupenya na methani huwa kidogo, mtambo unaovuja unaweza kushindwa na chepeo. Utafiti wa Imperial College London uliotoka mwaka 2022 ulionesha kwamba uvujaji katika mnyororo wa bayogesi na bayomethani umekuwa ukikadiriwa chini mno, na kwamba sehemu kubwa hutoka kwenye mitambo michache isiyotunzwa vizuri. Hiyo ni habari mbaya yenye upande mzuri, maana mitambo michache inaweza kukaguliwa. Mabwawa ya tope yafunikwe, valvu zipimwe, na anayevuja afungiwe.

Lipo pia suala la nani anafaidika. California ililipa vizuri sana gesi ya samadi ya ng'ombe wa maziwa, na wakosoaji wakaonya kwamba fedha zilikwenda kwa mashamba makubwa na kuyapa sababu ya kuongeza mifugo. Kwetu hatari inayolingana na hiyo ni mkataba unaoilazimisha halmashauri kupeleka tani fulani kila siku au ilipe faini. Mkataba wa namna hiyo huadhibu jiji linalopunguza taka zake. Huweza pia kuwafungia nje waokota taka wanaoishi kwa kuchambua chupa na vyuma, watu ambao ujuzi wao wa kutenganisha ndio mtambo unaouhitaji.

Mizani

Kabla ya kuamua, tupate ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtu mmoja Afrika Kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku, na asilimia 43 ya taka hizo ni chakula na majani. Kwa wastani huo jiji lina karibu tani 2,500 kwa siku, na kati ya hizo zaidi ya tani 1,000 zinaoza. Tuseme tunafanikiwa kutenganisha nusu. Tunapata takribani tani 530, karibu sawa na mtambo wa Indore, na gesi kama tani 16 hadi 17.

Hizo ni sawa na lita 20,000 hivi za dizeli. Ni nusu tu ya shehena ya lori moja kubwa la mafuta. Zinaweza kuendesha mabasi makubwa kama 200, kila moja likitumia kilo 80 kwa siku. Kwa mabasi ya umma hilo ni jambo kubwa. Kwa magari yote ya jiji ni tone. Anayeahidi kwamba taka zitashusha bei ya mafuta kwa kila dereva hajafanya hesabu.

Tuangalie upande wa pili wa mtambo huohuo. Tani 530 ambazo hazikwenda Pugu ni zaidi ya safari 50 za malori ya tani kumi kila siku. Ni majimaji machafu ambayo hayakutiririka bondeni, inzi ambao hawakuzaliana, na rundo ambalo halikupanda kuelekea hatari ya Kiteezi. Kuna pia mbolea, katika nchi inayotumia fedha nyingi kuagiza ya viwandani. Ukiweka yote kwenye mizani, faida ya usafi ni kubwa kuliko faida ya mafuta. Gesi ya magari ndiyo inayosaidia kulipia usafi huo.

Indore inafundisha pia mpangilio wa hatua. Jiji hilo lilianza kuwazoesha wakazi kutenganisha taka mbichi na kavu miaka kadhaa kabla ya mtambo kuzinduliwa. Mtambo wa bakteria ni kama tumbo la ng'ombe: ukilishwa mifuko ya plastiki na vigae vya chupa, unaugua. Kwetu mahali pa kuanzia panajulikana. Soko la ndizi la Mabibo, masoko ya jumla ya mboga na matunda, na machinjio ya Vingunguti yana taka zinazooza, nyingi, mahali pamoja, kila siku, karibu zisizo na plastiki kama zitachukuliwa pale zinapodondoka. Kutenganisha kwenye soko moja ni rahisi kuliko kwenye kaya laki moja.

Muhtasari na uamuzi

Gesi ya taka ikisafishwa ni methani ileile ya Songo Songo, yenye asili tofauti, na inafaa kwa magari ya CNG bila kubadili chochote. Haishindi gesi ya ardhini kwa bei, na haiwezi kutosheleza magari yote. Faida yake kuu ni kuondoa taka zinazooza kwenye madampo yanayoua, na faida yake kwa tabianchi hupotea uvujaji usipodhibitiwa.

Kwa hiyo kila chanzo kipewe kazi yake. Samadi ya kaya za vijijini ibaki jikoni. Mabaki ya mkonge na mashamba makubwa yazalishe umeme na joto palepale kiwandani. Madampo ya zamani yafunikwe na gesi yake iteketezwe kwa usalama, bila kuahidiwa mafuta. Bajaji na bodaboda zielekee kwenye umeme kadiri betri zinavyoshuka bei. Taka za masoko na machinjio ya miji mikubwa ndizo ziende kwenye gesi ya magari, na gesi hiyo itengewe mabasi ya umma na malori ya taka, ambayo hulala kwenye karakana moja, hujazwa mahali pamoja, na matumizi yake yanajulikana kabla ya mtambo kujengwa.

Halmashauri inayotaka kuanza isianze na sherehe ya kusaini mkataba wa mtambo. Ianze na mapipa mawili kwenye kila soko la jumla, moja la kinachooza na moja la kisichooza, na ipime kwa mwaka mzima ni tani ngapi safi zinapatikana. Wafanyabiashara wa sokoni walipwe kwa punguzo la ada ya usafi pale wanapotenganisha vizuri, na waokota taka wapewe ajira ya kusimamia mapipa hayo. Takwimu za mwaka huo ndizo ziamue ukubwa wa mtambo. Jiji litakalofuata njia hiyo litapata gesi kidogo yenye uhakika na masoko safi. Jiji litakaloanza na mtambo litajikuta na tangi kubwa la saruji lisilo na cha kula.